Video Mbili za Kaoutar

Mheshimiwa Msimamizi wa Komini, viongozi wetu wa dini, wazazi mliotoka Kizuka na Gitaza, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana mnaopokea diplome leo: amahoro, amani iwe kwenu.

Kama mkurugenzi wa chuo hiki cha ufundi, nimeombwa nimsifu mwanafunzi mmoja. Nimechagua wawili, mtanisamehe.

Kaoutar aliingia sehemu ya mekaniki akiwa msichana peke yake. Mwenzake, Casimir, alikuwa akishinda kwenye simu akiwatazama wanaume wanaohubiri kwamba mwanamke anayeshika spana hataolewa. Siku moja alimrekodi Kaoutar, uso umejaa oili, akaandika: "Nani atamuoa huyu?" Kufikia jioni, video ilikuwa imeenea pwani nzima. Nani kati yetu hakuiona? Na wangapi tulicheka?

Baba yake Kaoutar, Mzee Hamidou, ambaye ni mvuvi, alimwambia, "Mutoto wangu, baki nyumbani. Watu wanatucheka." Akabaki. Nilipokwenda kumwona, nilimkuta akianika ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na hakuacha kuanika. Nikaondoka nikijua tumempoteza.

Juma lililofuata alirudi mwenyewe, akasimama mbele ya Casimir.

"Ulinirekodi nikiwa nimechafuka. Sasa rekodi kazi yenyewe, mpaka mwisho."

Casimir alirekodi yote, tangu moteri ya boti inafunguliwa mpaka inanguruma. Kisha akaituma kwa watu walewale, na maneno haya: "Niliwaamini watu nisiowajua. Huyu namjua, na kazini ananishinda."

Ndugu zangu, kijana wa umri ule kujisahihisha mbele ya wote waliomchekea, mnajua ni kazi gani? Wasichana wakaanza kuuliza chuo kiko wapi. Leo wamejaza benchi lile pale. Tafadhali simameni muonekane.

Casimir alikwenda pia kumwomba radhi Mzee Hamidou. Mzee akamjibu, "Muombe yeye. Hata mimi nilimufungia mulango."

Asubuhi hii mzee amefika hapa na moteri yake mbovu. Nikamwambia leo ni sherehe, karakana imefungwa, kuna mafundi wengine sokoni. Akasema, "Fundi wangu iko hapa. Nitamungoja."

Kaoutar, njoo upokee diplome yako. Halafu nenda, baba anakungoja.

Murakoze, nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.