Ignasi Theophil Chilumba, Dalali Aliyesikiliza Vyumba (1964–2025)

Marehemu Ignasi Theophil Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji cha Mwena, Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Theophil Chilumba. Watatu walimtangulia kufariki. Leo amebaki mmoja, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1978. Hakuendelea. Mwaka 1983 alikuja Dar es Salaam, akawa mchukuzi wa magunia soko la Kariakoo kwa miaka minane, mpaka mgongo ulipokataa.

Mwaka 1991 alianza kazi ya udalali wa vyumba, na ndiyo aliyoifanya hadi mwisho. Mteja wake wa kwanza alikuwa Sadalla, fundi cherehani, ambaye yupo hapa. Marehemu alimtafutia chumba kizuri cha rangi mpya. Hakujua kuwa nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga unga. Kesho yake asubuhi Sadalla alirudi na godoro kichwani, akalitua miguuni kwake. "Dalali, kalale wewe," alimwambia.

Tangu siku hiyo marehemu hakumpeleka mtu kwenye chumba kabla hajakisikiliza. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akaomba mlango ufungwe, akakaa chini sakafuni. Alisikiliza jirani, bati, bomba la choo. Chumba kibaya alitoka baada ya dakika tatu. Kizuri alikaa dakika kumi. Madalali vijana walimtania, "Mzee, unakipima hicho chumba au unakiombea?" Wateja walijua.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Leticia katika kanisa la Msimbazi. Leticia alikuwa akikaanga samaki soko la Feri. Walijaliwa watoto wawili, Vicky na Lucky. Mwaka 1995 walihamia kwa Mzee Suud, Mtaa wa Magila, Kariakoo, nyumba ya vyumba sita yenye ua nyuma. Walikaa chumba kimoja miaka thelathini. Sadalla alikaa chumba cha pili. Mzee Suud alipokea kodi mwezi kwa mwezi, na hakuwahi kumfukuza mtu.

Mzee Suud alifariki mwaka jana. Mwezi wa tano mwaka huu mwanawe, Mazin, alikuja jioni akaketi kwenye mkeka uani.

"Shikamoo, Mzee Ignasi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina neno. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye tarehe," marehemu alisema.

Tarehe ilikuwa 31 Agosti. Warithi walikuwa wameuza nyumba ijengwe ghorofa. Mazin aliongea kwa adabu. Alikaa mpaka chai ikapoa.

Marehemu aliwatafutia vyumba wapangaji wa nyumba nzima, familia tano, na hakuchukua hela ya udalali. Alianza na wenye watoto wadogo. Sadalla alipata Buguruni. Kila mmoja alipohama, marehemu alifagia chumba alichoacha na kufunga mlango. Alikuwa hajapata cha kwake.

Kodi za Kariakoo hawakuziweza tena. Alikwenda Buguruni, Vingunguti, Mbagala. Wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye hakuwa nayo. Na vile vichache walivyoviweza, alitoka baada ya dakika tatu.

"Baba Vicky, tarehe haisubiri masikio yako," Leticia alimwambia.

"Nimewasikilizia watu mji mzima. Wewe nikuweke popote tu?"

Tangu mwaka 2019 marehemu alikuwa na ugonjwa wa presha. Mwezi huu wa nane miguu ilivimba. Aliambiwa apumzike. Alisema atapumzika tarehe moja Septemba.

Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifika Tandika kwa Bi Shadya kuona chumba. Alivua viatu, akaomba mlango ufungwe. Bi Shadya aliendelea kuchambua mchele wake. Baadaye aliita, "Dalali, bado tu?" Alipoona kimya, alimwacha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kuwa mzee huyu ndivyo alivyo. Karibu saa tano alifungua mlango. Marehemu alikuwa amekaa, ameegemea ukuta. Daktari alisema ni moyo.

Juzi Bi Shadya alikuja msibani Magila. Aliketi karibu na Leticia.

"Mama, sikufichi. Chumba kile sasa nani atakitaka?"

Leticia alimuuliza, "Alikaa humo muda gani?"

"Karibu saa nzima."

"Hajawahi kukaa hivyo," Leticia alisema. Kisha akasema, "Mimi nitakitaka. Ila miezi sita sina."

"Utalipa mwezi kwa mwezi," Bi Shadya alijibu.

Watoto walimwambia mama afikiri kwanza. Alisema aliyekuwa akifikiri mambo ya vyumba ameshafikiri.

Marehemu ameacha mjane, Leticia, watoto wawili, Vicky na Lucky, wajukuu watatu, na mdogo wake, Bryson. Familia inawashukuru wapangaji wote wa Magila waliorudi kulala kwenye vyumba vitupu ili msiba usiwe na watu wachache. Inamshukuru pia Mazin kwa turubai na viti.

Matanga yanaendelea Mtaa wa Magila hadi tarehe 30. Baada ya hapo Leticia atapatikana Tandika, kwa Bi Shadya, mlango wa pili kushoto. Arobaini itafanyika huko. Mtakaokuja, tunaomba mvue viatu mlangoni.

Kaka Ignasi, Mungu akuweke mahali penye utulivu. Amina.