Truphosa Nangila Sitati, Aliyewafundisha Watu Kurudi Nyumbani

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya mumewe, Bwana Sitati, na watoto wao, tunawasomea maisha ya marehemu.

Truphosa Nangila alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khisa na Mama Nanyama, ambaye yuko nasi hapa. Alisoma shule ya msingi mjini, akamaliza sekondari Subukia mwaka 1992, na alipohitimu ualimu mwaka 1996 akaanza kufundisha sayansi kimu, somo alilolipenda ingawa, kusema kweli, hakuwa mpishi hodari.

Alifunga ndoa na Bwana Sitati tarehe 4 Desemba 1999, wakajaliwa watoto wawili, Zeddy mwaka 2001 na Khisa mwaka 2006.

Miezi michache baada ya Khisa kuzaliwa, Nangila aliugua ugonjwa wa akili, akalazwa hadi Februari 2007. Wapo jamaa walioomba sehemu hii irukwe, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuiruka. Alirudi nyumbani akakuta hakuna kazi inayomngoja, kwa sababu watu waliompenda walikuwa wamekubaliana asiguse jiko, asishike kisu, asimwogeshe mtoto wake, na hakuna aliyemwambia hayo yangeisha lini. Ni jirani yake, Wariara, aliyemletea sukuma wiki mlangoni akamwambia, "Mama Zeddy, nikatie hizi, mimi nimechoka," kisha akaketi kando yake akipiga hadithi, bila kumchunga mikono.

Mwezi Machi 2010, katika ukumbi wa kanisa mtaani Rhonda, Nakuru, Nangila alianzisha mafunzo ya stadi za maisha kwa watu waliotoka kutibiwa akili. Mwanzoni alifundisha asubuhi, ubaoni, namna ya kutawala hasira, na darasa zima likasinzia kwa sababu ya dawa, basi akayahamishia masomo mchana, jikoni na sokoni, ambako mtu alijifunza kubishania bei ya nyanya, kukataa bila kugombana, na kuomba msaada mapema. Obura, mwanafunzi wake wa kwanza, alionja ugali wake akasema, "Madam, hapa ni wewe unahitaji training," naye akacheka mpaka akakaa chini, akamkabidhi mwiko.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Oktoba 2024. Alifundisha hadi Februari, kisha akachoka, na waliomuuguza wakachoka pamoja naye, akafariki nyumbani Rhonda mchana wa tarehe 9 Mei 2025.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, walimu wenzake, majirani, na Wariara kwa namna ya pekee. Chakula cha leo kimepikwa na Obura na wanafunzi wenzake. Baadhi yenu mliuliza, kwa nia njema, kama ni busara kuwaachia masufuria ya msiba mzima, na mumewe akajibu kwamba Nangila angewaachia, na kwamba yeye mwenyewe, Bwana Sitati, ndiye atakayepakuliwa kwanza. Tafadhali, msiondoke kabla ya kula.

Nangila, kazi imepata wenyewe. Lala sasa, upumzike kwa amani.