Jina Lililoitwa Juu ya Jani la Ndizi

Padri wetu, wakubwa wa kartie, huu mtaa wetu, wakwe zetu mliotoka Kamango kwa njia ile mbaya, wenzake marehemu wa redio, majirani, na ninyi nyote mliokesha nasi tangu Jumamosi, mimi naitwa Anne-Marie Masika, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niisome. Kwa desturi yetu historia ya marehemu inasomwa, mtu anazikwa, kisha tunarudi kugawana nyama, na wengi wenu mmekwisha kuwaona mbuzi wawili waliofungwa nyuma ya nyumba na majani ya ndizi yaliyokatwa jana. Ndugu yangu aliacha ombi moja tu, kwamba katika kilio chake nyama isigawanywe na jina lake lisiitwe juu ya jani, na kama mnajiuliza kwa nini mtu atumie pumzi yake ya mwisho kwa jambo la namna hiyo, vumilieni, nitafika huko.

Marehemu Kambale Lusenge Zorobabel alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1986 kule Kyavinyonge, kando ya ziwa, mtoto wa pili wa marehemu Baba Syauswa na wa Mama Rébecca, aliyekaa hapa mbele yenu. Baba alinunua samaki kwa wavuvi na kuwapandisha Butembo, kwa hiyo tulikula samaki asubuhi na jioni, nguo zetu za shule zilinuka samaki, na mtu angetuambia siku zile kwamba mtoto huyu atakuja kukataa hata kichwa cha tilapia, tungemcheka mpaka machozi yatutoke.

Alianza shule ya msingi kule kule Kyavinyonge mwaka 1992, vita vya mwaka 1996 vikatuondoa, tukafika Butembo kwa miguu, akamaliza msingi mwaka 1998, akaingia sekondari, akarudia mwaka wa tano mara moja, na mwaka 2005 akapata diploma ya serikali. Hakuwa mwanafunzi hodari, naye mwenyewe alipenda kusema hivyo, lakini alikuwa na sauti, na siku alizosoma somo katika misa hata watoto wachanga walinyamaza. Ni sauti hiyo iliyompa kazi ya redio hapa Butembo tarehe 2 mwezi wa sita mwaka 2008, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomkataza.

Tarehe 10 mwezi wa nane mwaka 2013 alifunga ndoa kanisani na dada yetu Keren, binti wa Kamango, na mbuzi wa mahari aliwachagua mwenyewe, mmoja mmoja, akiwafungua midomo kuangalia meno, na kwenye karamu alikula nyama kuwashinda wakwe, nayasema haya ili msidhani kwamba alizaliwa mtakatifu wa majani. Mungu aliwapa watoto wawili, Bénie, aliyezaliwa tarehe 2 mwezi wa pili mwaka 2015, na Christa, aliyezaliwa tarehe 19 mwezi wa tano mwaka 2018.

Mwezi wa nane mwaka 2016, baada ya mauaji ya Beu, katika mji wa Beni, redio ilimtuma huko, akakaa siku nne, akarudi, hakusimulia kitu, nasi hatukumuuliza, maana siku zile kila mtu alikuwa na lake la kunyamazia.

Noeli ya mwaka ule tulikusanyika kwa Baba mdogo Josaphat, mkubwa wa familia yetu tangu baba alipokufa. Wageni wetu wasiotujua wasikie kwamba kwetu nyama ya familia haichotwi kwenye sufuria kama maharagi, inapangwa juu ya majani ya ndizi, kila kipande na mwenyewe, na mkubwa anasimama mbele ya kila jani na kuita jina, naye aliyeitwa anakuja kuchukua, na kuacha kipande chako ni kuukana ukoo. Baba mdogo aliita, “Zorobabel!”, na Zorobabel alisimama, akaangalia jani, akatetemeka, akasema kwa sauti ndogo, “Nyama mi hapana tena,” akatoka nje. Ninyi watu wa Butembo mnajua neno gani linafuata mtu akikataa chakula cha ndugu zake, na Baba mdogo alilisema mbele ya wote, “Unazani tulikutilia sumu?”

Kuanzia siku hiyo machoni petu alikuwa mtu anayewashuku ndugu zake, akija kwetu shangazi walifunika sahani, batizo zikapita bila kumwalika, na mimi ninayesoma hapa nilimwambia Keren kwamba bwana wake ana kiburi. Na samaki pia aliwaacha, na alipoulizwa sababu alisema ameamua tu.

Akatafuta njia yake ya kutushinda. Alijua kwamba Baba mdogo haamini mtoto wa nduguye, lakini mtu mkubwa akisema jambo kwenye redio analiamini hata kabla halijaisha, kwa hiyo mwezi wa tatu mwaka 2017 alianzisha kipindi cha Jumamosi saa kumi za mchana, “Sahani ya Mukubwa”, ambamo aliwauliza watu wanaojulikana kama mtu anaweza kuacha nyama na kubaki mtu wa nyumbani kwao. Mchezaji wa mpira alisema ameiacha kwa ajili ya pumzi, na Jumapili iliyofuata alipokosa penalti uwanja mzima ulipiga kelele “Maharagi! Maharagi!” Mwimbaji mmoja alisema kwa simu kutoka Kinshasa kwamba ameiacha kwa ajili ya ngozi yake. Mbunge alitangaza kwamba hajaonja nyama miaka kumi, mji ukampigia makofi, na kabla jua halijazama watu walimkuta mbele ya mishikaki, akifuta midomo. Munganga mmoja, daktari aliyeingia siasa, alijibu kwa hasira, “Batu ya huku banaacha nyama kwa kukosa feza, bila mutu kubauliza,” na hapo Zorobabel mwenyewe alicheka hewani. Aliyesema vizuri kuliko wote ni Haji Issaka Lukumani, msafirishaji wa Beni, mwenye magari na jina, aliyesema, “Mungu aliruhusu nyama, hakulazimisha mutu. Mutu akiacha, mumuache.”

Baba mdogo alisikiliza vipindi vyote, hakukosa hata Jumamosi moja, na kila mara alizima redio na kusema, “Bale ni bakubwa, biko na sababu yabo. Weye uko na sababu gani?” Sababu hiyo ndugu yangu hakuitoa.

Mwezi wa kumi mwaka 2024 tumbo lilianza kumuuma, akakonda, na tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025 waganga wa hospitali moja ya hapa mjini walimpasua, wakaona kansa ya tumbo iliyokwisha kuenea, wakamfunga tena. Walituita na kutueleza polepole kwamba ugonjwa huu haukuletwa na kukosa nyama, na kwamba nyama haitauondoa. Tuliitikia kwa vichwa kama watu wenye akili, tukafika nyumbani tukasema amekosa damu, ni majani yamemmaliza, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Sasa nasema neno ambalo halikuandikwa na familia, nimeliandika mimi. Keren alikuwa na watoto wadogo, kwa hiyo mimi ndiye nilimpikia na kumpelekea chakula hospitalini, na kuanzia tarehe 3 mwezi wa nne nilichemsha nyama ya mbuzi, nikachuja ule mchuzi kwa kitambaa, nikaumimina ndani ya maharagi yake, siku kumi na nane. Kila siku aliniuliza, “Masika, ni maharagi tu?”, na kila siku nilimwangalia machoni na kujibu, “Ni maharagi tu, Zoro, kula.” Nilitaka apone, sikuwa na ubaya mwingine moyoni, nilikuwa naona mtoto niliyembeba mgongoni anaisha na sikujua nifanye nini na mikono yangu. Siku ya Pasaka, tarehe 20, kitambaa kilikuwa kimetoboka, na katika kijiko chake kukatokea kipande kidogo cha mfupa. Alikiweka juu ya shuka, akaniambia, “Miaka munane mulisema niko naogopa mikono yenu. Sikuogopaka. Leo niko naogopa.” Hakuchukua tena chakula kutoka mkononi mwangu, na baada ya siku chache hakuchukua hata cha Keren.

Tarehe 24 Haji Issaka alipanda kutoka Beni kumtembelea, akanikuta nimekaa koridoni nalia, nikamweleza, naye akakaa chini kando yangu na kunitolea sababu tuliyoitafuta miaka minane. Kule Beu gari lake ndilo lililobeba maiti, na kabla ya kuwapandisha watu wale walilazwa uani juu ya majani ya ndizi, kila mmoja na jani lake, na ndugu yangu, kwa sababu ya ile sauti yake, aliombwa kusimama mbele ya kila jani na kuita jina, ili jamaa wajue wa kwao na kuja kumchukua. Aliita mpaka sauti ikakauka. Miezi minne baadaye mkubwa wetu alisimama mbele ya jani, akaita, “Zorobabel!”, nasi tukataka kujua kwa nini alitetemeka.

Niliingia chumbani nikapiga magoti. Hakunifukuza, aligeuza uso kwenye ukuta, akabaki hivyo. Sikupewa msamaha, wala sitawaambia kwamba nilipewa ili turudi nyumbani na moyo mwepesi, na wale wanaonifariji kwamba wafu wanasamehe, sijui wanakotoa habari hizo. Alifariki Jumamosi tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 2025, saa kumi za mchana, saa ya kipindi chake, akiwa na miaka 39, mwezi mmoja na siku 19, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Keren, ambaye ndiye aliyepewa lile ombi, na mimi nimesimama mlangoni.

Baba mdogo Josaphat, jana ulisema kilio bila nyama ni kumzika mtu kama asiye na ukoo, na kwamba leo utaita jina lake na Bénie atasimama kuchukua kipande cha baba yake. Asubuhi hii nilikusomea karatasi yote, ulinisikiliza ukiwa umefumba macho, ukaniambia, “Usome yote, usiache kitu,” ukatoka nje, na tulikuona ukiyachukua yale majani na kuwatupia mbuzi. Mtakaorudi nyumbani mkiwakuta bado wanayatafuna, msishangae, hivyo ndivyo familia ilivyoamua.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, waliotuambia ukweli tusiousikia, majirani mlioleta kuni na maji, wenzake wa redio mlioacha hewa kimya baada ya kutangaza kifo chake, wakwe zetu wa Kamango, na Haji Issaka aliyeleta magunia mawili ya maharagi. Mtakula maharagi hayo na sombe, majani ya muhogo, isiyo na samaki, na safari hii ni maharagi tu, naapa mbele ya sanduku lake.

Jina lake naliita mimi, hapa, mahali pasipo na jani, mara moja tu. Zorobabel. Pumzika, ndugu yangu, hakuna atakayekuita tena.