Mama Léoncie, Aliyenywesha Mawe ya Munigi

Kabla sijaandika lolote juu ya Mama Léoncie, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Nataka kufanya kazi yake. Si udaktari, ambao papa yangu amekwisha kunitangazia mtaa mzima tangu matokeo ya diploma yalipotoka. Nataka kazi ya kujua jiwe, sima na chuma vinaweza kubeba nini kabla watu hawajalala chini yake.

Mhandisi Léoncie Mukamugema anastaafu tarehe 30 Septemba 2023, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya vifaa vya ujenzi hapa Keshero. Papa Kambere, mkuu wa maabara, alipotafuta mtu wa kumwandikia wasifu kwa ajili ya programu ya sherehe, aliwapita wakubwa wote akanichagua mimi, niliye hapa kwa stage tu, kujifunza kazi. Alisema wengine wamekwisha kumaliza maneno yao kwenye korido. "Huyu Nishimwe hasemi," akasema, "maneno yake yote yangali ndani." Watu walicheka, mimi nikatazama sakafu, na kazi ikawa yangu.

Mama Léoncie alizaliwa Rutshuru, kwa wafugaji. Siku aliposema nyumbani kwamba anakwenda Lubumbashi kusomea vifaa vya ujenzi, baba yake aliita ndugu wote waje wasikie. Mpaka leo Mama humwiga muzee yule, mkono mmoja kiunoni: "Mawe tuko nayo hapa shambani, tena ya bure. Wewe unayafuata mpaka Lubumbashi?" Anasema alifunga mzigo wake tu, akaenda. Aliporudi na digrii yake, muzee huyohuyo alikataa kujenga jiko jipya mpaka binti aje kuyaona mawe.

Aliajiriwa mwaka 1991, wakati maabara ilikuwa nyumba ndogo katikati ya mji. Alikuwa mwanamke pekee pale, na wageni wengi walimwagiza chai. Aliwaletea. Kisha alivuta kiti, akakaa mbele yao na kuanza kuwaeleza kwa nini zege yao imekataliwa. Papa Kambere anasema hakuna mgeni aliyewahi kumaliza kikombe.

Mwaka 2002 lava ilishuka kutoka kwenye volkeno ikapita juu ya nyumba ile. Mama alipoteza vyombo vya kazi na nyumba yake ya kulala pia. Lava ilipopoa, wenzake walimkuta ameinama juu yake na mfuko wa sukari, anaokota vipande. Walidhani amechanganyikiwa. Yeye alikuwa ameona kwamba mji mzima utajengwa upya kwa jiwe lile jeusi, na hakuna aliyelijua vizuri.

Jiwe letu limejaa matundu. Ukilitia katika zege likiwa kavu, linanyonya maji ambayo sima inayahitaji. Fundi akiona zege imekuwa ngumu anaongeza maji, mara nyingine kupita kiasi, na zege inakuwa dhaifu. Ndiyo maana Mama hufundisha kulinywesha jiwe kwanza. Tena aliweka desturi ambayo haipo mahali pengine nilipopasikia: fundi aliyemwaga zege lazima aje mwenyewe siku kipande chake cha majaribio, cha zege ileile, kinapobanwa kwenye mashine mpaka kipasuke. Hatumi mtu. Anasimama pale, mikono nyuma, kama mzazi anayengoja matokeo.

Kutokana na desturi hiyo tulipata kisa cha shule ya Munigi. Fundi Adalbert, aliyekuwa akiijenga, alijua atasimama mbele ya Mama, naye hakutaka aibu. Basi yeye na wenzake wakavipiga lipu vipande vyao, wakavisugua mpaka vikang'aa, wakavileta vimefungwa kitenge kama watoto wa komunyo ya kwanza. Havikuingia hata kwenye mashine, kwa sababu ya unene wa lipu. Mama alicheka mpaka akakalia mfuko wa sima. Kisha lipu ikatolewa, vikabanwa, na kicheko kikaisha. Zege ile isingeweza kubeba paa juu ya watoto.

Alimwambia Adalbert abomoe nguzo na anyweshe kokoto kabla ya kumwaga tena. Adalbert alikasirika. "Mama, Munigi wake zetu wanapanga mstari na bidon za maji tangu asubuhi. Maji ya watoto hayatoshi, nawe unataka ninyweshe mawe?"

Mama hakubishana, maana Adalbert alisema kweli. Alikwenda mwenyewe Munigi, akaona mstari wa bidon, akaona na mawingu juu ya volkeno. Akaagiza kokoto zitandazwe wazi, mvua ifanye kazi hiyo. Mwenye shantie, yaani kazi ile ya ujenzi, alipiga simu kulalamika kwamba mhandisi mzima anangoja mvua kama mkulima. Mama alimjibu kwamba ndivyo, anangoja. Mvua ikanyesha, nguzo zikamwagwa upya, na siku vipande vipya vilipobanwa, mashine ilipita namba iliyotakiwa na bado vilikuwa vizima. Adalbert alicheza pale pale na viatu vyake vya sima.

Mei 2021, ardhi ilipotetemeka siku kwa siku, wa kwanza kumpigia Mama simu alikuwa Adalbert. "Mama Ingénieur, shule imesimama," alisema. "Anayetikisika ni mimi."

Mimi nimemjua kwa miezi michache tu. Siku ya kwanza alinipa jiwe kavu, akaniambia nilipime, nilitie majini, nilipime tena. Hakuuliza kwa nini siongei. Uzito ulipoongezeka nilicheka peke yangu kwa sauti, naye akasema, "Ehe, karibu."

Mama Léoncie, asante kwa nguzo zote ulizozikataa. Tunakuombea pumziko lenye afya, paa lisilovuja, na wajukuu wa kukusumbua.

Sasa ninyi wasomaji, namgeukia kila mmoja wenu. Papa yangu mnamfahamu, ni Twagirimana, dereva wetu, na leo yeye ndiye anayemleta Mama kwenye sherehe. Akiwapita mezani na kuwauliza hali ya "docteur wake", yaani mimi, mwambieni hajambo, basi. Programu hizi ninazigawa mimi. Ya kwake nitampelekea mwisho, kwa mikono miwili, na nitasimama mbele yake mpaka amalize kusoma. Mpaka hapo, tafadhali, msimwambie.