Makohozi ya Shemeji

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi, ning'oke haya meno mawili niliyobakiwa nayo.

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi seremala alikuwa akikohoa mpaka magoti yangu yakatikisika. Kando yake alikaa mama mmoja wa maabara, kitambulisho shingoni.

“Mdogo wangu, kikohozi hicho umekipima?”

“Nimepima, dada, hapo hapo hospitalini kwenu. Hawakuona kitu. Daktari kanipa dawa ya kifua, lakini wapi!”

“Makohozi uliyotuletea yalikuwa yako?”

Akageuka kunitazama. Nikafumba macho na kukoroma, maana siri haisemwi mbele ya mzee aliye macho.

“Ya shemeji,” akanong'ona. “Ana afya ya punda, yule. Niliogopa kuambiwa ni kifua kikuu, dada. Mke wangu kajifungua juzi, wangenitenga na mwanangu.”

“Kumbe tulimpima shemeji, dawa ukameza wewe! Sisi tunaona kilichomo kwenye kikopo tu, na daktari anafuata tulichoona. Mtoto unalala naye chumba kimoja?”

“Kitanda kimoja.” Nami nikafungua dirisha polepole.

“Teremka nami hospitali sasa hivi.”

“Kesho, dada. Naapa.”

“Kesho ya nani?”

Basi likasimama. Mama akateremka, akaushikilia mlango usifungwe. Seremala akainuka nusu. Nikajikuta nimesimama pia.

“Mzee wa kukoroma!” kondakta akanidaka. “Kituo chako tulikipita zamani. Lete nauli ya nyongeza.”

Nikalipa bila kubisha, macho yangu yakiwa mlangoni.