Garniture ya 81 ku mulango ya 74

Kama unapita Kimemi, mu Butembo, saa mbili ya asubui, na unasikia batu banapiga makelele kama benye banagawanya shamba, usiogope: ni siye. Banc yetu ya kukalia iko mbele ya chupa ya kahawa ya Mama Godelive, na hakuna kitu mu dunia chenye hatujamaliza kukijadili pale. Miye bananiitaka Catalogue, juu kila kipande ya gari ya zamani iko mu kichwa yangu, na mwaka wake, na rangi yake. Masomo nilifika paka ya sita primaire, lakini hakuna Pejo iliniulizaka diplôme. Ku mukono wangu wa kuume anakaaka Xavier, mutu wa bureau mwenye serikali ilimutuma huku toka Kananga. Siye tunamuita Ministre. Ku kushoto ni Gracien, anapigaka mabati ya gari mazima-mazima, jina yake Tôle. Ile asubui, siku ya ine, Alhamisi, mbele yetu kulisimama Pejo 504 nyeupe ya rafiki yetu Éphraïm, ya mwaka 74, mulango ya nyuma ya kushoto wazi, na ndani yake chuma tupu na grisi, kama mutu mwenye banamukuta anaoga.

Mambo yenyewe ni haya. Keshokutwa, siku ya posho, Jumamosi, Éphraïm anaozesha binti yake Jemima. Éphraïm anataka mutoto afike ku kanisa mu hii Pejo. Bakwe ba Beni banasema hapana, robe nyeupe ya bibi-arusi na grisi habipatane, batatuma jeep; banangojea tu jibu mbele ya midi, saa sita. Basi Éphraïm alikuwa amekwenda Kirumba kutafuta garniture ya mulango, ile nguo ya ndani yenye inafunika chuma, na alipata moja, ya mwaka 81. Alirudi nayo ku pikipiki, ameikumbatia mu kifua, batu ku barabara banamupisha wakifikiri anabeba mugonjwa.

— Ya 74 na ya 81 ni mama mumoja, baba mumoja, nikasema. Leta hapa.

Tukaisimamisha ku mulango. Éphraïm alishika juu, Tôle alishika chini, miye nilishika kutoa amri. Agrafe, bile bichwa bidogo bya plastiki binashikaka garniture ku chuma, bilikuwa kumi. Sita bikaingia: ta, ta, ta. Ine bikakatala. Na tundu ya manivelle ya kuzungushia kioo ikapita pembeni, bidole mbili muzima.

— Catalogue, Éphraïm akaniambia, jasho ku paji. Si ulisema mama mumoja?

— Mama mumoja. Lakini huyu wa mwisho alinyonya mingi.

Ministre akatua kikombe yake.

— Mais non! Shida yenu hamujui administration. Kule ku usine yenye inatengenezaka gari, kila mwaka banabadirisha agrafe kusudi wa zamani ashindwe, sawasawa vile bureau inabadirishaka cachet, muhuri yake. Donc hii garniture haina kosa. Ni agent mwenye bamemuhamisha. Muniangalie miye: mwaka wa kwanza hapa Butembo nilikuwa siingie popote. Baridi, kilima, fufu yenu… tumbo ilikatala. Mwaka wa pili, tac! Nikaingia.

— Kwa hiyo ningoje mwaka? Éphraïm akauliza. Harusi ni posho!

— Ukiitunza muzuri, siku mbili zinatosha.

— Muache garniture ya batu, Tôle akasema. Mwenye kosa ni gari. Ilizaliwa 74, sawa. Lakini imekula barabara ya Beni miaka makumi ine na zaidi. Kila shimo inavuta chuma kidogo. Matundu ya mulango yanahama. Miye nimeipima na macho: mulango huu, vile iko sasa, umefika 79.

— Soixante-dix-neuf! Ministre akashika kichwa.

— Inabakia miaka mbili. Éphraïm, unisikie. Peleka gari Kirumba, urudie. Usikwepe shimo hata moja. Ukifika hapa uko 81 juste.

Éphraïm akaangalia barabara, akaangalia gari. Nakuapia, aliifikiria.

Miye nikaona bananipita, na hii ni banc yangu.

— Shimo inasaidia, sikatale, nikasema. Lakini mumesahau hewa. Baridi ya Butembo inakunja chuma, joto ya chini inakunjula. Ku Mutwanga niliwekaka plafond, kitambaa ya dari, ya 80 mu gari ya 71, ya mulimaji moja wa kakao. Asubui ilikatala. Tukakula, tukangojea saa sita, jua ikapiga, plafond ikaingia yenyewe, hata kidole sikuweka. Mulimaji alilia. Mama mukwe wake pia alilia.

— Mama mukwe alikuwa anatafuta nini pale? Mama Godelive akauliza, akinimiminia.

— Alikuwa ndani. Plafond ilimufungia.

Bakacheka paka kahawa ikamwangika. Éphraïm hakucheka. Telefone ililia mu mufuko yake, ni mukwe wa Beni, akasimama wima kuipokea, kama mutu anaitwa ku tribunal.

— Ndiyo, papa… Bado, papa… Mbele ya midi, nitawaambia.

Akairudisha mu mufuko, akakaa ku kizingiti ya gari.

— Bana wangu, munacheka tu. Jemima nilimutoa ku hospitali mu hii gari. Alikuwa mu mikono ya marehemu mama yake, kichwa kama chungwa. Leo jeep ya batu ikuye imutoe mu nyumba yangu, na miye nifuate nyuma kama mupagazi?

Tôle akasimama, akakamata tarière yake.

— Basi nitoboe. Matundu ine tu. Dakika kumi.

— Hapana kutoboa! Éphraïm aliruka mbele ya mulango, mikono wazi. Leo unatoboa ine, kesho manivelle, kesho ingine ninabakia na passoire ya kuchujia chai. Hii gari haijapata tundu yenye haikuzaliwa nayo!

— Na hata ikiingia, nikasema miye (mudomo wangu haukawiaka), mujue hii garniture ililelewa mu taxi ya Kirumba. Kipande cha gari kinakumbukaka barabara. Nilijua gari moja, balitia tableau de bord, ile ya mbele ya dereva, yenye ilitoka ku muchuuzi wa samaki. Kila siku ya soko, volant, usukani, inavuta yenyewe kwenda soko. Dereva anakwenda maziko, anajikuta ku samaki.

— Bongo! Uongo mutupu! Ministre akapiga kelele.

— Uliza batu ba Kirumba.

— Miye natoka Kirumba, Mama Godelive akasema.

— Basi ulikuwa mutoto.

— Catalogue, nakuzidi miaka mbili!

Sasa tulikuwa tumesimama siye wote, Tôle na tarière, Ministre na kidole juu, miye nashika garniture kama ngao, wapita njia banasimama, mumoja tayari alikuwa anasema kwamba ya 81 ilitengenezwaka mu mwezi wa mvua na hivyo iko na maji ndani. Mu ile kelele yote nikasikia sauti ya binti, karibu kabisa:

— Papa, njo weye utaendesha?

Alikuwa Jemima. Kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, kitana kingali mu nywele.

— Njo miye, Éphraïm akajibu. Vitesse, gia ya hii gari, haisikiaka mukono ya mutu mwingine. Unajua.

— Sawa. Na pasteur alisema baba njo anakaaka nyuma na bibi-arusi, banashuka pamoja. Kama weye uko ku volant, nani atakaa nyuma na miye?

Éphraïm akatoa ufunguo mu mufuko, akaunyosha kwa Tôle. Tôle akaangalia buti zake.

— Miye gari nazigongaka, ndugu. Siziendeshake.

Ufunguo ukakuya kwa Ministre.

— Moi? Miye ni wa bureau, akasema polepole.

Ukafika kwangu. Mbele ya batu bote benye nilisha kuwasimulia namna nilipeleka 504 Kisangani mu usiku moja, bila taa, nikinywa chai, ufunguo ulikuwa unaninginia mbele ya pua. Nikakohoa. Nikasema mugongo inaniuma. Nikasema macho hayaone. Kisha Jemima akaniangalia na huruma, na ile iliniuma kupita mugongo.

— Papa, akasema, mbele, kile kiti cha pembeni yako, mulango wake uko na garniture?

— Iko, mama. Ya 74. Ya kuzaliwa nayo. Hata agrafe moja haijatoka.

— Basi nitakaa mbele.

— Bibi-arusi mbele? Ministre akaruka. Sawa convoyeur, utingo wa lori?

— Sawa mutoto wa Éphraïm, Jemima akamujibu. Tutashuka pamoja, kila mutu ku mulango yake.

Éphraïm akatoa telefone, akageuka, akatupa mugongo, lakini tulisikia yote.

— Papa? Wasingya mingi, asante, lakini jeep ibakie Beni. Mutoto wangu anakuya na miye.

Mama Godelive akapiga kigelegele, bapita njia bakamufuata, na siye tukapiga mabati ya Pejo kama ngoma paka Éphraïm akatufukuza.

— Sasa banc ya nyuma itakwenda bule? Tôle akauliza.

— Bule? Nyuma ni siye! nikasema. Batatu, na costume.

— Ku ule mulango ya grisi miye sikae, Ministre akasema mbiombio. Costume yangu ni ya kuapishwa.

— Yangu ni ya kuazima, nikajibu, na mwenyewe ni mukali.

Tôle akaingia mu gari, akapima upana wa mulango na mikono, akatoka, akapima tumbo ya Ministre na ile mikono yenyewe, bila kuichezesha.

— Ministre atakaa pale, akasema. Ile tumbo inaingia ku mwaka yoyote.