Kifupa cha Panda

Mwaka ule benchi la kahawa la Kinondoni halikuwa na habari nyingine ila vita vya Burma. Mzee Marijani, ambaye mwanawe Shomari alichukuliwa jeshini na tangu masika hajulikani alipo, hakuwa mtu wa kutulia tena. Anakaa, anasimama, anachungulia njia ya mjini, anakaa, kahawa inampolea mkononi. Jioni moja Projestus, mpishi wa Mzungu, alikuja na kitu kwenye kitambaa: kifupa cha kidari cha kuku, chembamba, chenye panda kama ya manati.

— Bwana na bibi huvuta hiki, alisema. Huyu huku, huyu kule. Kikikatika, mwenye kipande kirefu huomba moyoni, akapata.

— Akapata nini? Marijani aliuliza.

— Chochote, mzee.

Fakihi, waliyemwita Wakili kwa ubishi wake, alikinyakua akakibonyeza.

— Hii springi, bwana! Ndiyo inayofungua mabawa. Ndege zao za vita nazo wametia hii hii, ila ya chuma.

— Mbona kuku haruki?

Aliyeuliza ni Mwishehe, jina la utani Redio.

— Kanenepa!

— Wapi! Mie nasikia majenerali wanakaa mezani, wanavuta, ndipo wajue pa kushambulia. Nyie hamshangai kuku wameadimika sokoni?

Walicheka. Marijani hakucheka.

— Nani anavuta na mie?

— Mzee, dua anaombwa Mungu, si mfupa, Wakili alisema kwa upole.

— Nimeomba mpaka ulimi umekauka. Nani anavuta?

Hakuna aliyetaka kumshinda mzee yule. Redio alificha mikono kwapani. Mwishowe Projestus akatoa kidole, wakavuta. Tak! Kipande kirefu kikabaki kwa Marijani. Aliona vizuri jinsi Projestus alivyolegeza kidole, lakini alifumba macho akaomba.

— Shomari huyooo! Redio alipiga kelele, benchi zima likashangilia.

Muuza mkaa mmoja wa Goba, mgeni pale, alikuwa ametua gunia lake kando apumzike.

— Shikamooni, wazee. Mnaomba nini?

— Marahaba. Mtoto wa mzee huyu arudi salama, Wakili alimjibu. Alipelekwa Burma kupigana na Wajapani.

— Aa, yule mtu alisema akijifuta jasho. Na wazazi wa hao Wajapani, wao hawana kuku?

Marijani aligeuzageuza kile kipande kirefu. Alimfikiria mtu mwingine, mzee kama yeye, mbali huko, anayetazama njia.

— Watakuwa nao, alisema taratibu. Watakosaje?